Mavazi ya Wazee Wetu na Kikwembe cha Yubile

Kila parokia inapojitayarisha kwa yubile, jambo linalozungumzwa kwanza katika kikao cha akina mama si chakula wala nyimbo, bali ni kikwembe: kitakuwa cha rangi gani, kitachapwa picha gani, na kitauzwa kwa bei gani. Wako wanaume wanaocheka wakisikia hayo, wakidhani ni mambo ya urembo tu. Tena katika kikao hicho hicho hakosi kusimama mzee mmoja na kusema kwamba vikwembe ni vitu vya duka, na kwamba ingefaa siku ya sikukuu tuvae mavazi ya asili yetu. Swali la mzee huyo ni la haki, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Lakini jibu lake si rahisi, kwa maana hapa Uvira, katika njia hii ya ziwa, karibu kila vazi tunaloliita letu lilishuka siku moja kutoka katika mtumbwi.

Tuanze na lile ambalo hakuna awezaye kubisha asili yake, yaani nguo ya gome la mti. Katika nchi zote zinazozunguka ncha ya kaskazini ya Tanganyika, wazee walivaa ngozi za mbuzi na za wanyama wa porini zilizolainishwa, na magome ya miti ya jamii ya mkuyu. Kazi ya gome ilikuwa kazi ya fundi. Alilibandua kutoka shinani wakati wa mvua, mti ukiwa na maji mengi, akalilowesha, kisha akalipiga kwa nyundo ya mti yenye mistari, saa baada ya saa, mpaka likawa pana na jepesi kama kitambaa. Lilianikwa juani, likapata rangi nyekundu ya udongo. Mti wenyewe haukuuawa: jeraha lake lilifunikwa kwa majani ya mgomba, gome jipya likaota, na fundi akarudi tena mwaka mwingine. Ndugu zetu wa Uganda wameishika kazi hiyo hata leo, na mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kuwa urithi wa watu wote duniani. Kwetu sisi imekwisha. Limebaki neno tu: katika Kirundi, ng'ambo ya Rusizi, nguo yoyote ile, hata iliyotoka kiwandani, inaitwa «impuzu», na katika Kinyarwanda neno hilo hilo ndilo jina la nguo ya gome.

Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, mwezi wa Aprili 1858, walikuta biashara imekwisha kuwatangulia. Wao walikuwa wakitafuta mto, wakaambiwa na wana wa mtemi Maruta kwamba Rusizi haitoki ziwani bali inaingia ziwani. Habari hiyo iliwahuzunisha sana, nasi tunawaachia huzuni yao. Kinachotuhusu ni kile walichobeba mizigoni, maana pasipo hicho wasingefika popote: nguo na shanga. Njia nzima kutoka pwani hadi ziwa ililipwa kwa nguo. Kipimo kilikuwa shuka, yaani mikono minne, na doti, yaani mikono minane. Nguo iliyopendwa kuliko zote ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa merikebu za mji wa Salem. Nyingine ilikuwa kaniki ya Uhindi, yenye rangi ya nili. Sokoni Ujiji, vitu vidogo vilinunuliwa kwa shanga zilizoitwa sofi, lakini mtu aliyetaka kununua pembe, mtumbwi au, kwa aibu yetu sote, mtumwa, alifungua doti.

Basi nguo ilikuwa fedha kabla ya kuwa vazi. Mtemi aliyeifunga kiunoni alikuwa amevaa utajiri wake machoni pa watu, na tangu siku hizo gome la mti likaanza kuitwa vazi la maskini. Hakuna aliyetoa amri. Gome lilishindwa na soko, pole pole.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwenye jina la lugha tunayoiandika. Kingwana ni lugha ya wangwana, na mngwana ni mtu huru. Lakini wengi wa wale waliojiita wangwana katika misafara ya pwani hawakuzaliwa huru. Walikuwa wapagazi na askari ambao wenyewe, au wazazi wao, walikuwa wamenunuliwa. Walijuaje kwamba wamekuwa wangwana? Kwa mambo mawili yaliyoonekana na kusikika: kanzu nyeupe mwilini na Kiswahili kinywani. Mtu aliyetoka bara akiwa na kipande cha ngozi, akafika Ujiji au Kasongo na kupata kanzu, alikuwa amevaa jina jipya. Wanahistoria huandika mengi juu ya bunduki na pembe za ndovu. Kwa maoni yetu, ile kanzu iliwabadilisha watu wengi kuliko bunduki, maana bunduki ilimlazimisha mtu, na kanzu aliitamani mwenyewe.

Watoto wa Kardinali Lavigerie nao walifika wakiwa katika vazi linalokaribiana na hilo. Shirika la Mapadri Weupe lilianzishwa Algiers mwaka 1868, na mwanzilishi wake aliwataka wamisionari wake wavae kama watu wa nchi ile walimotumwa: gandura nyeupe, burnusi juu yake, chechia nyekundu kichwani, na rozari shingoni. Hekima hiyo ilifaa Algeria. Ilipoletwa Ujiji mwezi wa Januari 1879, ikawa jambo la kushangaza: mtu aliyewaona mapadri kwa mbali angeweza kuwadhani wafanyabiashara wa pwani, wale wale ambao vijiji vilikuwa vikiwakimbia. Rozari ndiyo iliyowatofautisha, nayo haionekani mpaka mtu akaribie. Hatusemi kwamba nguo iliwaponza wale watatu waliouawa Rumonge tarehe 4 Mei 1881, kwa maana ugomvi wao ulikuwa na sababu nyingine. Tunasema tu kwamba vazi lililochaguliwa ili kumkaribia Mwarabu lilikuwa na maana tofauti mbele ya watu walioteswa na biashara ya utumwa. Tangu Kibanga mwaka 1883, na baadaye Mpala na Baudouinville, watu walijifunza polepole kusoma rozari kabla ya kusoma kanzu.

Zamani za Wabelgiji tutazipita upesi. Askari alipewa sare, mwanafunzi wa misioni alipewa kaputula, na karani aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa wastaarabu alinunua kostimu na kravati, huku wakubwa wakija mpaka nyumbani kwake kutazama kama anaishi inavyopasa, kabla ya kumpa karatasi yake. Wakati huo huo kilimo cha pamba kililazimishwa katika Kongo kuanzia mwaka 1917, na bonde la Ruzizi nalo likapandwa pamba. Huko Albertville, inayoitwa leo Kalemie, kiwanda cha Filtisaf kilisokota na kufuma. Hivyo watu wa ziwa hili walilima pamba, pamba ikafumwa ufukoni mwa ziwa hili, kisha wakainunua tena kwa yadi. Kiwanda hicho hakifumi tena.

Ndipo kikwembe kikatawala. Historia yake ni ya kuchekesha kidogo. Waholanzi walijaribu kuiga kwa mashine zile nguo za nta za kisiwa cha Java. Soko la Java halikuwaridhisha, wakauza Afrika ya Magharibi, na huko zikapendwa kupita matumaini yao. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, iliyoanza mwaka 1846, bado inazichapa. Kutoka Magharibi nguo hizo zilipanda Kongo, nasi tukazipata kutoka Kinshasa na Kisangani kwa upande mmoja, na kutoka Kigoma na Bujumbura kwa upande mwingine, pamoja na kanga za Unguja na Mombasa zenye maneno yake. Kwa hiyo mama wa Kasenga anayejifunga kikwembe cha wax amejifunga ufundi wa Java, mashine ya Uholanzi na uchaguzi wa akina mama wa Ghana. Lakini namna anavyokifunga, namna anavyombebea mtoto, wapi anaficha fedha zake katika pindo, na kipi anakitunza sandukuni kwa ajili ya mahari ya binti yake, hayo hakuyapokea kwa mtu wa mbali. Aliyapokea kwa mama yake.

Sasa tufikie jambo ambalo wasomaji wenye mvi wanalikumbuka wenyewe. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ilipewa jina la Zaire, na siasa ya uhalisi ikaanza. Mwaka 1972 majina ya Kikristu yaliondolewa katika karatasi za serikali, na Kardinali Malula, aliyeonyesha kutokubaliana na mambo hayo, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Kravati na kostimu zikakatazwa. Mahali pake pakawekwa abacost, koti lililofungwa vifungo mpaka shingoni, ambalo jina lake limefupishwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya «kostimu ianguke». Akina mama wakakatazwa suruali na nywele za bandia, wakaamriwa kikwembe.

Tukiwa wa haki, nia ya kumrudishia mtu heshima yake haikuwa mbaya. Wengi walifurahi kwamba hawahitaji tena kujifunga shingo kama Mzungu ili wasikilizwe ofisini. Lakini tazameni koti lenyewe. Hapakuwa na babu yeyote wa Bavira, wala wa Bafuliiru, wala wa Babembe, aliyewahi kulivaa. Lilifanana na koti la Wachina, na yale ya fahari, yaliyotamaniwa na wakubwa wa chama, yalishonwa Ubelgiji. Mwalimu wa kijijini alilazimika kulinunua kwa mshahara ambao mara nyingi haukufika. Kisha tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba moja iliyosomwa N'Sele, Rais Mobutu alikubali vyama vingi na kuruhusu tena kravati. Tangu siku ile abacost ilianza kurudi sandukuni. Leo utaiona kwa mzee mmoja mmoja, siku ya mazishi.

Na kikwembe? Amri ile ile ilikitaja, hotuba ile ile ikalegeza kamba, wala akina mama hawakukivua. Sababu yake, kwa fikira zetu, ni nyepesi: serikali haikuwapa kikwembe, iliwaamuru wavae kile walichokuwa wamekwisha kuvaa. Mwanamume alipewa uhalisi uliobuniwa ofisini, nao ulidumu miaka 18. Mwanamke alikuwa na wake tayari, alioununua mwenyewe sokoni. Kwa sababu hiyo hatukubaliani kabisa na mzee wa kikao tuliyemtaja, ingawa tunamheshimu. Gome la mti ni la asili, nasi tungependa vijana walione na kulishika mkononi walau mara moja. Lakini kuvaa gome siku moja kwa mwaka, mbele ya wageni, kungekuwa kama abacost ya pili.

Kanisa nalo lilipita njia hiyo. Misale ya Kirumi kwa ajili ya majimbo ya Zaire ilikubaliwa Roma tarehe 30 Aprili 1988, na leo si ajabu kumwona padri altareni katika kasula ya kitenge. Mafundi cherehani wanalo neno lao hapo, maana picha ya mtakatifu iliyochapwa kwenye nguo haitazami inakokatwa. Fundi asiyeangalia humkalisha Bikira Maria mahali ambapo mama huyo atamkalia wakati wa mahubiri. Mapadri wageni wasicheke. Mashauri marefu yamefanyika juu ya jambo hilo.

Kuna jambo zito zaidi. Nguo inayomtambulisha mtu sokoni siku ya amani ndiyo inayomtambulisha kwenye kizuizi siku ya vita. Tangu mwaka 1996 bonde la Ruzizi na milima ya Uvira na Fizi imejua vita vingi, na katika vita mtu hutazamwa anavyosema na anavyovaa kabla ya kuulizwa jina. Vazi lile la kufunga begani, linalovaliwa na akina mama wa Burundi na wa Banyamulenge, ni zuri na lina adabu yake. Lakini liko wazi machoni, na mwanamke aliyelivaa hawezi kuficha anakotoka. Hapo ndipo tulipoona faida ya kikwembe cha yubile ambayo hatukuitafuta: kinafanana kwa wote, na aliyekivaa hasomwi kabila lake, husomwa parokia yake.

Lakini hufanana kwa wote walioweza kukinunua tu. Yadi sita, na mshono juu yake, ni mzigo mkubwa kwa mjane anayeuza ndagala. Liko desturi katika jumuiya kadhaa, ya akina mama watatu kununua yadi sita pamoja, kila mmoja akachukua mbili, na wa nne akashonewa kitambaa cha kichwa kutoka katika mabaki. Kamati za sikukuu zingefanya vema kuijua desturi hiyo kabla ya kupanga viti vya mbele kwa wenye sare kamili. Baada ya sikukuu kikwembe hicho kitambeba mtoto hadi sokoni Kalundu, kitafuliwa ziwani kwa sabuni na jiwe, picha ya katikati itafifia kwanza, na tarehe zilizochapwa pembeni zitabaki zinasomeka kwa muda mrefu.