Saburi ya Foleni: Karata na Kamari katika Mpaka wa Tunduma

Michezo ya pesa katika Tunduma imekua pamoja na desturi ya kusubiri, kwa kuwa mji huo, uliopo Tanzania katika mpaka na Zambia ambao Waingereza na Wajerumani waliafikiana mwaka 1890, ulipata umuhimu wake mkubwa baada ya Novemba 1965, pale walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru na Zambia ikalazimika kuielekeza mizigo yake katika bandari ya Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, reli ya TAZARA ilifika mpakani mwaka 1973, na njia nzima ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976. Hata hivyo ni malori, wala si treni, yaliyoujaza mji watu wasiokuwa na la kufanya. Dereva aliyekuwa akingoja ajenti wa forodha akamilishe hati za mzigo alijikuta amekaa siku kadhaa kando ya gari, akiwa na tandiboi wake na kiasi fulani cha pesa ya safari, yaani posho anayopewa na tajiri kwa ajili ya chakula, malazi na dharura za njiani.

Katika mazingira hayo drafti ya vizibo vya soda na karata, hasa lastikadi na albastini, zilikuwa burudani ya kawaida, na mara nyingine zilichezewa pesa. Jambo linalostahili kuangaliwa ni namna uchezaji huo ulivyodhibitiwa na mambo yaliyo nje ya nafsi ya mchezaji: karata zilichanganywa kwa mkono na kugawiwa polepole, dau halikuweza kuzidi noti zilizokuwa mfukoni, wenzake walimwona anavyopandwa na hasira, na foleni iliposogea mchezo ulikatizwa hata kama aliyeliwa alitaka kurudisha pesa zake. Haingekuwa haki kuwasifu wachezaji wa zamani kwa nidhamu ambayo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya mazingira.

Sheria ilikuwa na mtazamo mkali zaidi. Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kutoka ukoloni ilimweka anayecheza kamari hadharani katika kundi moja na wazururaji, ingawa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Bunge lilipitisha sheria ya bahati nasibu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi yenye mamlaka ya kutoa leseni kwa kasino, maduka ya kubeti, mashine na hatimaye michezo ya mtandaoni, kwa watu waliotimiza miaka 18.

Kati ya michezo ya mijini, karata tatu ya stendi ni wizi mtupu, kwa kuwa wapambe wa mchezeshaji hujifanya wanashinda ili mgeni avutike. Mashine za sarafu, ambazo wengi huziita bonanza au dubwi, si wizi wa namna hiyo, lakini zimepangwa zibakize sehemu ya kila kinachoingizwa, kwa hiyo mtu mwenye subira hapo hufilisika taratibu tu.

Poka ni jambo la aina nyingine. Wachezaji hushindana wao kwa wao, na mwenye meza huchukua ada ndogo katika pesa zilizowekwa. Kila mmoja hupewa karata zake za siri na huamua ama kuongeza dau ama kutupa karata, yaani kujitoa katika mzunguko huo na kupoteza alichokwisha weka. Katika mtindo unaochezwa zaidi, wa karata 2 za siri, jozi ya ree (karata yenye alama A) huja kwa wastani mara 1 katika mizunguko 221, na hata ikija, mbele ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushindwa takribani mara 15 katika 100. Ustadi basi huonekana katika maelfu ya mizunguko, na sehemu kubwa ya kazi ni kutupa karata bila kinyongo.

Mchezo huu ulianza kuchezwa kwa pesa katika intaneti mwaka 1998. Meza ya kawaida hugawa karata mara 30 hivi kwa saa, ya mtandaoni mara 60 hadi 80, na mtu huweza kufungua meza kadhaa kwa wakati mmoja, hivi kwamba msururu mbaya ambao zamani ungetawanywa katika siku nyingi humshukia katika jioni moja, akiwa peke yake. Foleni yenyewe nayo ilishughulikiwa: Oktoba 2019 marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde, mji wa upande wa Zambia, ambapo gari hukaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Lakini kubeti kulikuwa kumekwisha kuhamia katika simu, ambamo tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 pesa ya safari huweza kukaa katika akaunti ileile inayolipia dau. Kinachoshika nafasi ya mfuko uliokwisha noti ni kikomo cha kuweka pesa, ambacho kampuni nyingi humruhusu mchezaji ajiwekee, na ambacho, muda wake ukipita, yeye mwenyewe huweza kukipandisha.