Kisulisuli cha ncha ya panga: historia ya kelele tunayoijua Kasongo na Kabambare

Wandugu wasomi, kuna sauti moja ambayo mtoto wa Kasongo au wa Kabambare anaijua vizuri sana. MONUC ilianza kazi nchini mwaka 1999, ikaja kuitwa MONUSCO mwaka 2010, na kwa barabara zetu hizi mnazozijua, helikopta ndiyo ilibeba askari na, kwenye uchaguzi wa 2006, hata vifaa vya kupigia kura. Mama akiwa shambani anaisikia kabla hajaiona: ta-ta-ta-ta. Akimbie, ama aendelee kulima? Bado hajui imeleta nini.

Sasa ile ta-ta-ta inatoka wapi? Wengi wanasema ni mashine. Mashine ina ngurumo yake, kweli, lakini ule mpigo wakati ndege inashuka ni hewa yenyewe.

Angalia kasia kwenye Lualaba. Ukilivuta, maji yanazunguka pembeni mwake, na ule mzunguko unabaki nyuma hata kasia likishatoka. Panga la helikopta nalo hivyohivyo. Chini yake hewa inasukuma kwa nguvu, juu inasukuma kidogo. Ikifika kwenye ncha, hewa ya chini inapata njia ya kupanda juu kwa kuzunguka. Hapo kinazaliwa kisulisuli chembamba, kinaifuata ncha kama kamba. Mi-8, ambayo Umoja wa Mataifa umeitumia sana Kongo, ina mapanga matano, duara lake lina upana wa mita 21 hivi, na ncha zake zinapita mita 200 kwa sekunde. Kamba tano basi, zinajisokota chini ya ndege.

Kwa mabawa ya ndege ya kawaida, Mwingereza Lanchester aliandika habari hizi mwaka 1907. Kwa helikopta kazi ilikuwa ngumu, juu panga linarudi palepale lilipopita na kukuta uchafu wake lenyewe. Na utapima namna gani kitu kisichoonekana?

Mtu ninayempenda katika historia hii ni Robin Gray, wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Ripoti yake ilitoka mwaka 1956. Alitumia moshi, wandugu. Moshi! Tena alifunga panga moja tu, siyo mawili wala matatu, na kwa panga moja kila mkunjo wa moshi unajua baba yake. Akaona kwamba kisulisuli cha ncha kinashuka polepole mpaka panga lirudi kupita juu yake, halafu ndipo kinaongeza mwendo; hewa iliyotoka sehemu ya ndani ya panga inashuka haraka zaidi. Mpaka hapo mahesabu mengi yalikuwa yanachukua kwamba vyote vinashuka pamoja, kama parafujo iliyonyooka. Moshi ukakataa.

Baada yake Landgrebe, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alirudia na mapanga mengi ya namna mbalimbali. Mwaka 1981 Caradonna na Tung, kwenye kituo cha NASA cha Ames, walipima msukumo wa hewa juu ya panga lenyewe na kufuatilia njia ya kisulisuli. Namba zao wanafunzi wanazitumia mpaka leo kujaribu programu zao za kompyuta.

Lakini hao zaidi walisoma helikopta iliyosimama hewani. Kelele yetu inatoka pengine: ndege ikishuka huku inakwenda mbele, haiachi visulisuli vyake chini. Inavifuata. Panga linagonga kamba iliyoachwa na panga lililotangulia, na kila mgongano ni ta moja.

Mwaka 2001, kwenye tuneli kubwa ya upepo ya Uholanzi, Wajerumani, Wafaransa, Waholanzi na Wamarekani walifanya jaribio la HART II. Panga la mfano lilikuwa na duara la mita 4. Leza zilipima mwendo wa hewa ndani ya kisulisuli, mikrofoni zikasikiliza chini. Walijaribu pia kuligeuza panga kidogo mara kadhaa ndani ya mzunguko mmoja, ili kamba ipite mbali nalo, na kelele ikapungua kweli. Mi-8 ilichorwa miaka 40 kabla ya hapo. Yeye anagonga tu, na Kabambare inamsikia toka mbali.