Zambarau

Zambarau ni tunda la mzambarau, mti wenye asili ya Asia ya Kusini unaoitwa kitaalamu Syzygium cumini. Mti huo umezaa jina Mzambarauni, mtaa jijini Dar es Salaam na shehia kisiwani Pemba. Tunda likiiva huwa jeusi linalong'aa. Mlaji hubaki na ukakasi mdomoni na ulimi uliokolea rangi. Kutoka hapo likapatikana jina la rangi ya zambarau, ya vitenge, wino na maua.

Baada ya tunda na rangi, matumizi ya tatu ya neno hili ni ya tiba, na ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi. Kokwa hukaushwa, husagwa na kunywewa kisukari, desturi ya siku nyingi India. Ndani yake mna jambolini, kiambato kinachosemekana kuzuia wanga usigeuke sukari. Unga wa kokwa umeshusha sukari kwa panya wa maabara, lakini chai ya majani ya mzambarau iliyojaribiwa kwa watu nchini Brazil haikuonyesha nafuu.

Kwa hiyo mgonjwa akisikia "dawa ya sukari", anaweza kuelewa unga huo au kidonge cha hospitali cha metformini. Hata metformini chimbuko lake ni mmea, galega wa Ulaya, ila kidonge kina kipimo kinachojulikana. Kijiko cha unga hakina. Aliyeandikiwa kidonge asikiache kwa sababu ya unga, na akitumia vyote viwili amweleze tabibu, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi.