Bunduki na Tumbo Lake

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, husema wazee. Ni kweli. Lakini ni nani amnoleaye kisu? Swali hilo yafaa tuliulize juu ya bunduki, maana sisi wa Ituri tunaijua kuliko tulivyopenda kuijua.

Hapo kale bunduki iliyoenea barani ilikuwa gobori. Mtu alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia risasi, akatia fataki, ndipo akapiga. Akikosa, adui alikuwa na nafasi ya kumfikia kwa mkuki.

Mwaka 1860 Mmarekani Benjamin Tyler Henry alipata hati ya bunduki ya namna nyingine. Chini ya mtutu palikuwa na mrija, na ndani yake risasi zilipangwa moja nyuma ya nyingine, zikisukumwa na springi. Penye kifyatulio palikuwa na wenzo wa chuma. Mpigaji akiushusha, ganda tupu hutupwa nje. Akiupandisha, risasi mpya huingia mahali pake. Bunduki ya Henry ilipiga mara 16 bila kujazwa. Winchester ya mwaka 1873 ilichukua risasi 15 mrijani.

Lakini mrija ulikuwa na sharti zake. Risasi fupi huingia nyingi, ndefu huingia chache. Tena kichwa cha kila risasi hugusa kitako cha ile iliyo mbele yake, penye fataki. Kichwa kikiwa kimechongoka, mshtuko waweza kuilipua humo humo. Kwa hiyo vichwa vilifanywa butu. Mpigaji alipata wingi, akapungukiwa na nguvu ya kufika mbali. Na tumbo kubwa lataka chakula kingi.

Sasa tazameni jinsi jambo hilo lilivyofika kwetu. Baada ya Khartoum kuanguka mwaka 1885, Emin Pasha, liwali wa Equatoria huko Nile ya juu, alikatiwa njia. Askari wake walikuwa na bunduki. Haja yao kubwa ilikuwa risasi. Henry Morton Stanley akatumwa kumpelekea. Kutoka Misri alipewa bunduki 510 za Remington, zenye kupiga moja moja, na risasi 100,000. Kutoka London akapata Winchester 50 na risasi 50,000, yaani risasi 1,000 kwa kila moja.

Haya, tufanye hesabu. Tukadiri kwamba risasi moja ina gramu 20 tu. Hizo 50,000 ni kilo 1,000. Mpagazi mmoja akichukua kilo 27, wahitajika watu 37 kuzilisha bunduki 50, mbali na vyakula, nguo na dawa. Ukali wa bunduki ulikuwa mikononi mwa wachache, bali uzito wake ulikuwa vichwani mwa wapagazi, wengi wao watu wa Unguja.

Tarehe 28 Juni 1887 Stanley aliondoka Yambuya na watu 389, wakaingia msitu wa Ituri. Njaa ikawashika. Walipofika Ipoto, kambi ya Wamanyema wawindaji wa pembe, baadhi yao waliuza bunduki na risasi wapate mahindi. Stanley aliwaadhibu vikali, hata akamnyonga mmoja. Lakini fikirini: mtu mwenye njaa atakula risasi?

Mwezi wa Desemba walitokea nchi ya wazi, wakakutana na mtemi Mazamboni, si mbali na ulipo leo mji wa Bunia. Amani haikupatikana. Watu wa Mazamboni walikuwa na pinde na mikuki. Wakashindwa, na vijiji vyao vikachomwa. Lakini Aprili 1888, Stanley aliporudi, Mazamboni na Jephson, msaidizi wa Stanley, walichanjiana damu wakawa ndugu. Tangu hapo msafara ukapata chakula na msaada. Bunduki ilifungua njia siku moja. Udugu uliiacha wazi.

Wakubwa wa Ulaya nao waliijua siri ya tumbo la bunduki. Katika mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 walikataza bunduki za kisasa na risasi zake zisiuzwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Gobori na baruti ya kawaida ziliruhusiwa. Maana mwenye ghala la risasi ndiye bwana wa mwenye bunduki.

Miaka ilipita, na bunduki ikabadilika. Kalashnikov haina wenzo wala mrija. Ina kisanduku kilichopinda cha risasi 30, na ikifululizwa humalizika kwa muda wa sekunde 3 hivi. Mwaka 2003 vijana wa makundi yaliyopigana Bunia walizishika wakajiona mabwana. Tarehe 28 Julai mwaka huo Umoja wa Mataifa ulikataza kuyapelekea silaha makundi ya Ituri na Kivu. Hata hapo waliofikiri vema walitazama mlango wa ghala.

Risasi hailimwi shambani. Kila ganda tupu linalookotwa njiani lina mtu aliyeliuza na mtu aliyelibeba. Kijana akipewa bunduki bure, na aulize ni nani atakayeilisha kesho, na atadai nini. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtegemea risasi za mgeni hufa kabla ya kuujua umaskini wake.