"Sitwayeni": Historia ya Neno Lililochosha Masikio Nchini Zaire

Tangu Edgar Polomé alipochapisha maelezo yake juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, wataalamu wa lugha hii katika Kongo wameshughulikia zaidi sauti, viambishi na maneno ya mkopo. Jambo moja limeachwa pembeni, pengine kwa kuwa halina sura yake katika vitabu vya sarufi, nalo ni kuchoshwa na neno. Yapo maneno ambayo watu huyasikia kutwa kucha bila kukereka, kama vile "leo" au "kazi". Yapo mengine ambayo yakitamkwa mara tatu tu, msikilizaji hukunja uso. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa kuhesabu matumizi peke yake. Historia ya neno la Kifaransa "citoyen" wakati wa Zaire, ambalo katika vinywa vya wasemaji wa Kiswahili lilikuwa "sitwayeni", inaonyesha mahali pa kutafuta maelezo.

Jenerali Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka 1966 miji ilianza kubadilishwa majina: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwezi Mei 1967 kikaanzishwa chama cha MPR pamoja na Ilani ya N'Sele, na tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire. Mapema mwaka 1972 zamu ya watu ikafika. Majina ya ubatizo yalitupwa, na padri aliyembatiza mtoto wa Kizaire kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo. Kardinali Malula, aliyepinga siasa hiyo, alilazimika kukaa Roma kwa muda. Ni katika tufani hiyo hiyo, iliyojulikana kwa jina la "authenticité", yaani uhalisi, ndipo "Monsieur" na "Madame" yalipoondolewa katika mazungumzo ya hadhara na nafasi yake ikachukuliwa na "citoyen" kwa mwanamume na "citoyenne" kwa mwanamke.

Ili kuelewa kwa nini neno hilo lilikwaruza masikio, hainabudi kurudi nyuma kidogo. Chini ya Wabelgiji, mtu mweusi hakuitwa "Monsieur" ila kwa nadra. Aliitwa kwa jina lake tupu, na akasemeshwa kwa "tu", kiwakilishi ambacho Wafaransa na Wabelgiji humpa rafiki, mtoto au mtumishi. Serikali ya kikoloni ilipotaka kuwatenga wale iliowaita "évolués", ilitoa kadi ya sifa njema za kiraia mwaka 1948, kisha utaratibu wa kuandikishwa kisheria mwaka 1952. Mwombaji alichunguzwa nyumba yake, meza yake, hata namna alivyoishi na mkewe. Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin, Patrice Lumumba aliliweka jambo hilo la "tu" na "vous" miongoni mwa madhila ambayo Wakongo hawangeyasahau. Lilisimama katika hotuba hiyo kando ya kazi za kulazimishwa, ardhi zilizonyang'anywa na risasi. Wapo waliodhani kwamba kiwakilishi ni jambo dogo mno kutajwa siku kama ile. Hao hawakuwa wamesemeshwa kwa "tu" ofisini na kijana aliyeweza kuwa mtoto wao.

Kwa hiyo "Monsieur" lilikuwa neno la kigeni, naam, lakini lilikuwa neno lililopatikana kwa jasho. Karani wa reli, fundi wa Union Minière, mwalimu wa shule ya misheni, kila mmoja alikuwa amelingojea. Alikaa nalo miaka 12 tu, kisha akaamriwa aliache kwa jina la kurudi kwa mababu. Hapo pana kiini cha udhia wenyewe.

Tena mababu hao walizungumza Kifaransa, kwa ajabu! "Authenticité" ni neno la Kifaransa. "Citoyen" ni la Kifaransa pia, tena lenye tarehe yake: katika miaka ya 1790 wanamapinduzi wa Paris walilitumia kuzika "Monsieur", neno lililonukia ukabaila. Lilikuwa na maana pale kwa sababu walioitamkiana walikuwa wamemwangusha mfalme. Jina la Zaire nalo ni matamshi ya Wareno ya neno la Kikongo lenye maana ya mto, "nzadi". Hata huku kusini mambo hayakuwa tofauti. Mkoa wa Katanga ulipewa jina la Shaba, ambalo ni neno la Kiswahili lililofika kwa njia ya pwani na lenye asili ya Kiarabu, wakati wenyeji walioyeyusha madini hayo karne nyingi kabla ya misafara kufika walikuwa na maneno yao, kama vile "mukuba" la Kibemba. Mtu wa Kiswahili angeweza kufurahia heshima hiyo iliyotolewa kwa lugha yake. Hata hivyo haikuwa uhalisi. Jina la Katanga lilirudi katika miaka ya 1990.

Matumizi ya "citoyen" yalianzia juu yakashuka. Mkuu wa nchi alikuwa "Citoyen Président-Fondateur". Waziri hakuitwa tena waziri bali kamishna wa dola, na mbunge akawa kamishna wa watu. Barua ya ofisini ilianza kwa neno hilo na kumalizika kwalo. Redio na televisheni za taifa zililirudia katika kila habari, baada ya picha maarufu ya uso wa kiongozi ukishuka kutoka mawinguni. Katiba iliyorekebishwa mwaka 1974 ilimfanya kila Mzaire kuwa mwanachama wa MPR tangu kuzaliwa kwake, na chama kikawa ndiyo taifa lenyewe. Hapo "citoyen" halikuwa tena jina la mtu mwenye haki mbele ya dola. Lilikuwa alama ya kuwa umehesabiwa. Na wale waliolihimiza hawakukaa nalo peke yake: Mobutu alikuwa pia Kiongozi, Baba wa Taifa, na kuanzia 1982 Marshali. Usawa ulibaki kwa waliokuwa chini.

Ni haki kukiri kwamba wazo lenyewe halikuwa baya lote. Kuna vijana wa wakati ule waliofurahi kumwona mkurugenzi na mfagiaji wakiitwa kwa neno moja. Lakini neno la usawa linalotamkwa kwa amri humtia mfagiaji hofu zaidi kuliko mkurugenzi, kwani ndiye atakayeadhibiwa akikosea.

Kiswahili kililipokea neno hili namna gani? Hapa ndipo jambo lenye manufaa makubwa kwa mwanafunzi wa lugha. Zaire ilikuwa na lugha nne za taifa, lakini istilahi za chama zilifika Shaba na Kivu zikiwa zimevaa Kifaransa au Kilingala, lugha ya jeshi na ya nyimbo za "animation politique". Kulikuwa na neno "raia", ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni watu walio chini ya mchungaji au mtawala. Katika mashariki ya Kongo maana yake ya kila siku ni nyembamba na yenye uchungu zaidi: raia ni yule asiye na bunduki. Ni vigumu kumwita waziri "raia" bila watu kucheka. Neno "mwananchi" lililozoeleka Tanzania lingeeleweka, ila halikuwa na muhuri wa chama. Basi "sitwayeni" likabaki jinsi lilivyokuja, na katika hali hiyo likafanya jambo ambalo maneno ya mkopo hulifanya mara chache: liliingia katika ofisi, shule na uwanja wa mikutano, likasimama mlangoni pa nyumba.

Ndani ya nyumba palikuwa na baba, mama, yaya, mjomba, shangazi. Heshima katika Kiswahili hukaa zaidi katika maneno hayo ya ukoo kuliko katika kiwakilishi. Kijana wa Lubumbashi anapomwita mwanamume asiyemjua "baba", amekwisha kutaja umri wake, heshima anayomstahili, na pia kile anachoweza kumwomba, yaani uvumilivu na msaada. "Sitwayeni" halikutaja hata kimoja kati ya hivyo. Lilimfanya mzee wa miaka 70 alingane na askari wa miaka 20 aliyemwomba vitambulisho njiani, na wote wawili walijua kwamba hawalingani. Kila lilipotamkwa lilisema uongo mdogo ambao msemaji na msikilizaji walilazimika kuupitisha kama fedha mbovu.

"Sitwayeni" halikuwa peke yake. "Salongo", neno la kazi kwa Kilingala, lilitumiwa katika miaka ya 1970 kwa kazi za pamoja zilizopaswa kufanywa kwa hiari, na upesi likawa na maana ya kazi isiyolipwa ambayo mtu hawezi kuikataa. Kaulimbiu ya chama ilihimiza kutumikia na si kujitumikia. Watu wakaigeuza kimya kimya, wakiyatazama magari ya wakubwa. Herufi tatu za MPR zilisomwa kwa Kifaransa cha mitaani "Mourir Pour Rien", kufa bure. Lakini lililo bora kwa mtafiti ni "conjoncture". Bei ya shaba ilianguka baada ya kilele cha 1974, na nchi ambayo iliahidiwa "Objectif 80", maendeleo kamili ifikapo 1980, ikaingia katika madeni na upungufu wa kila kitu. Wakubwa walieleza hayo yote kwa neno moja la wanauchumi: ni "conjoncture", hali ya mambo ilivyo. Neno lililorudiwa ili kuficha mkosaji likachukuliwa na waliokosewa. Mtu asiye na kitu mfukoni akaitwa "conjoncturé", naye alilitamka kwa kicheko. Tofauti na "sitwayeni", neno hilo liliweza kuingia nyumbani, kwa sababu lilikuwa limepata kazi ya kufanya huko.

Mara nyingi Zaire hulinganishwa na Tanzania katika jambo hili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, neno "ndugu" lilienezwa kuwa wito wa watu wote, wakubwa kwa wadogo. Nalo lilichosha wengine, na katika miaka ya 1990 "mheshimiwa" likashamiri bungeni na katika hotuba. Hata hivyo, "ndugu" halikufa. Chama cha Mapinduzi hulitumia hadi leo, na nje ya chama hakuna aliyewahi kuacha kulitumia, kwani lilikuwapo kabla ya chama, likiwa na maana ya mtu wa tumbo moja. Siasa ililiazima, haikulizua.

Tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba ya N'Sele iliyokomesha chama kimoja, Mobutu aliwaruhusu Wazaire kuvaa tena suti na tai, na kuitana tena "Monsieur" na "Madame". Yafaa kutazama mpangilio wa mambo hayo: vyama vingi, tai, na namna ya kuitana, vyote katika hotuba moja. Mtawala mwenyewe alijua kwamba neno lile lilikuwa mojawapo ya minyororo. Halikuhitaji kupingwa, lilidondoka. Ofisi zilizoliandika kwa miaka 18 hivi ziliacha kuliandika kwa muda mfupi sana, jambo ambalo ni nadra katika historia ya lugha yoyote. Nafasi yake ilichukuliwa haraka na maneno mengine yaliyokuja kuchosha kwa namna nyingine, na mbele ya yote "transition", ambalo tangu Mkutano Mkuu wa Taifa wa 1991 na 1992 lilitamkwa kana kwamba ni jina la mahali ambapo nchi imehamia kuishi.

Majeshi ya AFDL yalipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, wito uliomfuata Laurent-Désiré Kabila ulikuwa "Mzee". Hilo lilikuwa neno la Kiswahili na la ukoo, na halikuhitaji sheria. Askari wake watoto waliitwa "kadogo", neno jingine la nyumbani, na huenda hapo ndipo uzuri wa maneno ya nyumbani unapotia shaka: ni rahisi kusahau, mtu anapolisikia neno la kubembeleza, kwamba linamtaja mtoto aliyebeba silaha.

Na "citoyen"? Limerudi, ila si kama wito. Mwaka 2012 vijana wa Goma waliunda kundi la Lucha, na mwezi Machi 2015 huko Kinshasa likatangazwa kundi la Filimbi, lenye jina la Kiswahili mbele ya watu wa Kilingala. Yote mawili hujitambulisha kwa Kifaransa kuwa "mouvement citoyen". Baadhi ya waliokusanyika kuitangaza Filimbi walikamatwa siku ile ile. Wamo kati yao waliokuwa wachanga mno kuamriwa kulitamka neno hilo kabla ya 1990, na safari hii dola ndiyo iliyokereka kulisikia.