Kifaranga wa Teddington na Vinundu vya Lyon

Mnamo 1727, kasisi Stephen Hales wa Teddington, Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu mimea, na humo ndani akachomekea kisa cha kifaranga. Alikuwa ametoboa mfupa wa mguu wa kifaranga huyo matundu mawili, yakiachana nusu inchi. Miezi miwili baadaye alimuua, akaufunua mfupa. Ulikuwa umerefuka inchi nzima, lakini matundu yalikuwa bado yameachana nusu inchi ileile. Kumbe mfupa haurefuki katikati. Hurefuka nchani, penye gegedu.

Toka hapo njia inakwenda Lyon, Ufaransa, kwa daktari mpasuaji Louis Ollier. Mwaka 1899, eksirei ikiwa bado changa, alieleza ugonjwa wa vinundu vya gegedu ndani ya mifupa: vidole vimevimba, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Mara nyingi huelemea upande mmoja wa mwili. Kwa nini?

Fununu ya kwanza ilitoka kwa inzi, na hapo ndipo ninapoipenda zaidi safari hii. Mwaka 1980, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus wa Heidelberg walitangaza jeni zinazopanga mwili wa buu. Mojawapo ikiharibika, buu hujaa vijimiba, wakaiita kalunguyeye. Binadamu naye anazo za ukoo huo. Mwaka 1996, Andrea Vortkamp na wenzake walionyesha kazi ya mojawapo, Ihh, kwenye gegedu. Seli zinazokaribia kukomaa hutoa protini ya Ihh. Nayo huchochea ncha ya mfupa itoe protini nyingine, PTHrP, inayozizuia seli changa zisikomae mapema, ziendelee kugawanyika. Zile ambazo PTHrP haizifikii hunenepa, na mfupa huchukua nafasi yao.

Seli za gegedu zikikataa kukomaa, zikabaki ndani ya mfupa, huweza kuwa enkondroma, uvimbe usio saratani. Mwaka 2011 watafiti walikuta hitilafu za jeni IDH1 na IDH2 kwenye vinundu vya wagonjwa wengi wa Ollier. Hitilafu hiyo hairithiwi. Huzuka katika seli moja baada ya mimba kutungwa, na kizazi cha seli hiyo tu ndicho huibeba. Ndiyo maana mguu mmoja hujaa vinundu na wa pili ukawa mzima.

Wazazi wanaoulizana ugonjwa umetoka ukoo wa nani waache kulaumiana. Mtoto lakini aendelee kupimwa hata akiwa mtu mzima, maana baadhi ya vinundu hivi hugeuka saratani.