Hitaji Kabla ya Kifaa: Historia ya Lugha ya Upimaji wa Kielektroniki na Funzo Lake kwa Nzahaha na Bonde la Ruzizi

1.0 Utangulizi

Nzahaha ni sekta ya Wilaya ya Rusizi, katika eneo lililojulikana kama Cyangugu kabla ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006. Wilaya hiyo imepakana na mto Ruzizi, ambao umeme wake huzihudumia nchi tatu. Kituo cha Ruzizi II kilianza kazi mwaka 1989 chini ya SINELAC, shirika lililoundwa na Rwanda, Burundi na Zaire mwaka 1983. Katika vituo vya namna hiyo, relei za ulinzi hupimwa kwa kuingiziwa mkondo na volti, na mashine hurekodi muda ambao relei huchukua kukata umeme. Makala haya yanajadili swali moja: je, hati ya upimaji itaje kifaa au hitaji?

2.0 Kutoka Kifaa hadi Ishara

Mwanzoni, programu za upimaji ziliandikwa kwa ajili ya mashine mahususi. Kifaa kilipobadilishwa, programu nayo ilipaswa kuandikwa upya. Mashirika ya ndege yaliumizwa zaidi na hali hiyo, kwa kuwa ndege huishi miongo mingi kuliko vifaa vinavyoipima. Katika miaka ya 1960, kupitia ARINC nchini Marekani, ilibuniwa lugha ya ATLAS. Vitenzi vyake vilieleza kuweka, kupima na kuthibitisha ishara, si kubonyeza vitufe vya chombo fulani. Kuanzia mwaka 1976, taasisi ya IEEE iliisanifisha.

Hata hivyo, watumiaji waliikatakata ATLAS kulingana na mahitaji yao, ikawa na lahaja nyingi zisizoelewana. Mwanaisimu wa Kiswahili hatashangaa: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, lakini ilibidi iundwe Kamati ya mwaka 1930 ili kazi hiyo isimamiwe. Kwa upande wa upimaji, kiwango cha IEEE 1641 cha mwaka 2004 kilijaribu kuipa kila ishara fasili rasmi isiyotegemea lahaja.

3.0 Kazi ya Ulinganishaji

Hitaji lililoandikwa vizuri hutaja aina ya ishara, ukubwa wake, kosa linalovumilika, na pini ambapo ishara hiyo inatakiwa. Orodha ya kituo cha kupimia nayo hutaja uwezo wa kila kifaa. Programu hulinganisha orodha hizo mbili, kisha huteua.

Ugumu hujitokeza mahali pawili. Kwanza, uwezo wa kifaa mezani si uwezo wake kwenye pini. Nyaya na swichi zilizo kati yake huongeza makosa, hivyo kifaa kinachofaa katika kijitabu cha mtengenezaji kinaweza kushindwa katika kituo. Pili, mahitaji mawili yanaweza kutimizwa na kifaa kimoja yakiwa mbalimbali, yasitimizwe yanapohitajika kwa wakati mmoja. Relei inayolinganisha mkondo na volti ni mfano dhahiri: haitoshi kuwa na vyanzo viwili, lazima tofauti ya awamu kati yake nayo itajwe.

Hati inayotaja jina la kifaa tu huyaficha mambo haya yote. Kifaa kikiharibika, au mtengenezaji akiacha kukiuza, mnunuzi hana njia ya kujua ni kipi kingine kinachotosha. Nchi inayoagiza vifaa kutoka nje hulazimika kurudi kwa muuzaji yuleyule.

4.0 Hitimisho

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Kiswahili husikika Rusizi, Bukavu na Bujumbura. Kwa hiyo kinaweza kuwa lugha ya mafundi wa mto mmoja, lakini si kwa kutafsiri majina ya vifaa peke yake. Istilahi zinazohitajika kwanza ni za hitaji: kiwango, kosa linalovumilika, awamu, muda na mahali pa kupimia. Washauri wa sera wanapendekezewa kwamba zabuni na miongozo ya upimaji ianze na maelezo hayo, na jina la kifaa lifuate. Historia ya ATLAS inaonyesha kwamba bila chombo cha pamoja cha kuzilinda fasili, hata lugha iliyobuniwa kuunganisha hugawanyika. Nchi tatu zinazogawana umeme wa Ruzizi zina sababu ya kuanza kazi hiyo pamoja.